Okot p'Bitek, mwalimu aliyeingia uwanjani

Wanafunzi wa fasihi humfahamu Okot p'Bitek kama mtunzi wa Song of Lawino, utungo uliochapishwa Nairobi mwaka 1966 na baadaye kutafsiriwa kwa Kiswahili na Paul Sozigwa kwa jina Wimbo wa Lawino. Humsoma wakiwa wameketi madawatini, kalamu mkononi, wakisaka tamathali za usemi. Sina ugomvi na tamathali, maana ndizo zinazonipa ugali. Hata hivyo, nashikilia kwamba mtu huyu tumemfundisha nusu. Okot alikuwa mchezaji na mwalimu wa ngoma, tena mwandalizi wa tamasha. Sehemu ya kazi hiyo aliifanya papa hapa magharibi mwa Kenya, mjini Kisumu, safari isiyo ndefu kutoka Bungoma au Kitale.

Alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931, katika jamii ya Waacholi. Babake alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, ilhali mamake alikuwa mtunzi na mwimbaji aliyesifika. Nyumba ile moja, basi, ilikuwa na shule mbili, na mtoto alihitimu zote mbili. Alisoma Gulu, kisha Budo, akafunzwa ualimu Mbarara, na akarudi kwao kufundisha katika shule ya Sir Samuel Baker, ambako pia aliongoza kwaya. Mwaka 1953 alitoa riwaya yake ya Kiacholi, Lak Tar.

Kandanda ndiyo iliyompeleka Uingereza. Alisafiri huko na timu ya taifa ya Uganda katika miaka ya 1950, na wenzake waliporejea yeye akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, na hatimaye anthropolojia Oxford. Huko Oxford alikerwa tangu mhadhara wa kwanza kuwasikia Waafrika wakitajwa kwa majina ya kuwadunisha, naye akapinga waziwazi. Tasnifu aliyoiandika ilihusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walango. Nadhani hapo ndipo kazi yake ya maisha ilipoanza, kwa kuwa alijikuta maktabani, mbali mno na uwanja wa kwao, akieleza kwa wino jambo ambalo watu wake hulifanya kwa miguu.

Baada ya Oxford aliajiriwa Gulu na idara ya Makerere iliyopeleka elimu nje ya kuta za chuo. Mwalimu mwingine angeandaa mfululizo wa mihadhara na kutuma ripoti. Okot na wenzake walianzisha Tamasha ya Gulu, na yeye mwenyewe hakukaa katika viti vya wageni wa heshima. Aliingia uwanjani akacheza.

Hapa sharti tueleze kidogo, kwani kwa wengi wetu ngoma ni ngoma tu. Waacholi wana ngoma nyingi, kila moja na hafla yake. Bwola ni ngoma ya heshima ya mtawala. Wanaume huunda duara, kila mmoja na ngoma yake ndogo mkononi. Otole ni ya vita. Larakaraka ni ya vijana wanaotafuta wachumba, na mdundo wake hutoka kwenye nusu za vibuyu zinazopigwa kwa spoku za baiskeli. Mvulana na msichana huangaliana mchana kweupe, mbele ya wazazi na majirani, na mlegevu au mwenye majivuno hana pa kujificha. Nyimbo zake hazikuwa za kukariri. Vijana walizitunga upya, wakamkejeli mkubwa kwa mdogo, na wimbo uliochosha ukaachwa.

Msomaji aliyeelewa hayo atamwelewa Lawino vizuri zaidi. Mume wake, Ocol, huona ngoma za kwao kuwa dhambi na ushamba. Lawino naye hushangazwa na dansi za kizungu zinazochezwa ndani ya nyumba yenye giza, watu wakikumbatiana hata na wasio wao. Walimu wengi huifundisha sehemu hiyo kama mzozo wa mume na mke, au wa jadi na usasa. Mimi huiona kuwa hoja ya mwalimu wa ngoma: kwamba uwanja wa wazi hufunza adabu, na kwamba mwili unaoonwa na wote hujifunza kujiheshimu. Huenda Okot aliupamba mno uwanja huo, na wahakiki wamemlaumu kwa kuisifu jadi kupita kiasi. Lakini hoja yenyewe ni nzito, na haikutoka vitabuni.

Mwaka huohuo wa 1966 alihamia Kampala kuongoza Kituo cha Utamaduni cha Uganda, pahali palipokuwa pamezoea michezo ya kuigiza kutoka ng'ambo. Enzi ile ilikuwa ya vikundi vya taifa. Umoja wa Kisovieti ulikuwa na kikundi cha Igor Moiseyev tangu 1937. Bulgaria ilikuwa na cha Filip Kutev tangu 1951, ambamo nyimbo na ngoma za vijijini zilipangwa upya na wataalamu na kuchezwa na wasanii wa dola kwa hatua zisizoyumba. Guinea ilijivunia Ballets Africains ya Keïta Fodéba, na Uganda yenyewe ilikuwa na Heartbeat of Africa. Sivibezi vikundi hivyo, kwani vimehifadhi mengi ambayo yangepotea. Okot, hata hivyo, alikuwa na shaka na kiti na tikiti. Katika insha zake alisisitiza kwamba utamaduni huishiwa na watu katika maisha yao ya kila siku, wala si kitu cha kwenda kukitazama jioni na kukiacha pale taa zinapozimwa. Oktoba 1967, wakati wa sherehe za uhuru, aliandaa tamasha ya siku nane.

Mwaka uliofuata alifutwa kazi, akiwa safarini Zambia. Wengi wameihusisha hatua hiyo na ukali wake dhidi ya wanasiasa. Akavuka mpaka, na kwa takriban miaka kumi Kenya ikawa kimbilio lake. Kisumu alifanya kazi katika idara ya masomo ya nje ya chuo kikuu cha Nairobi, na kabla ya 1968 kwisha alikuwa ameandaa tamasha ya sanaa mjini humo. Hakuhitaji mkalimani mkubwa. Kucheza ngoma kwa Kiacholi ni myel. Mjaluo wa Kisumu husema miel.

Baadaye alifundisha Nairobi katika miaka ya 1970, na mwaka 1974 alitoa Horn of My Love, mkusanyiko wa nyimbo za Kiacholi pamoja na tafsiri zake. Mwaka 1982 alirudi Makerere kufundisha uandishi wa kubuni. Alifariki Kampala mwezi Julai mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 51.

Nimeyasimulia haya kwa sababu ya wanafunzi wangu kutoka Bungoma na Kitale. Baadhi yao waliwahi kucheza kamabeka, ngoma ya Wabukusu ya kutikisa mabega, katika mashindano ya shule. Jina lenyewe ni zawadi kwa mwanaisimu: ondoa kiambishi cha mwanzo, na neno letu mabega linachungulia. Lakini niwaulizapo wimbo walioucheza huimbwa lini, na humsema nani, wengi hunyamaza. Wanachokumbuka ni dakika walizopewa, mahali pa kugeuka, na alama walizopata. Kitale hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa darasa moja lina Mbukusu, Msabaoti, Mpokoti na Mturkana, na wote hufunzwa hatua ambazo huenda hazina mwenyewe katika chumba kile. Wakati huohuo isukuti ya Waisukha na Waidakho, ngoma ya majirani zetu wa Kakamega, iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka.

Simlaumu mwalimu. Ana majuma machache, mavazi ya kushonesha, na mkuu wa shule anayetaka kombe. Swali langu ni kwa nini mzee apigaye litungu, anayeishi karibu na lango la shule, haitwi kuketi na darasa zima, wenye kipaji na wasio nacho, kabla ya kikundi cha mashindano kuteuliwa. Walimu kadhaa wamenijibu kwamba mzee hana cheti, na kwamba vitabu vya hesabu vya shule havina mahali pa kuandika malipo yake. Nauli yake na chakula chake cha mchana, nadhani, havifiki bei ya vazi moja la mchezaji.