Walter Rodney: Msomi na Ufundishaji

Mwanachuo atakayepangiwa kufundisha Bariadi, Maswa au Meatu atakuta darasani watoto waliokwisha kuijua miti ya malisho na dalili za mvua kabla ya kuijua herufi ya kwanza. Jambo hili lilimshughulisha mwanahistoria Walter Rodney. Katika kitabu chake cha mwaka 1972, kilichoeleza jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, aliwataja watoto wa Kibemba walioweza kutaja aina 50 hadi 60 za miti bila kusita, ingawa hawakujua sana habari za maua ya mapambo. Miti iliwahusu, maua hayakuwahusu. Kisha akaionyesha shule ya mkoloni, iliyowakalisha watoto wa nchi za joto wafundishwe majira ya Ulaya.

Je, mtu huyu aliandaliwaje kuwa mwalimu wa chuo kikuu?

Alizaliwa Georgetown, Guyana, tarehe 23 Machi 1942. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na mama yake alishona nguo. Kwa ufadhili wa masomo alisoma shule ya sekondari ya Queen's College, kisha akaenda Jamaika katika Chuo Kikuu cha West Indies, alikopata shahada ya daraja la kwanza katika historia mwaka 1963. Kutoka huko alikwenda London kusomea udaktari.

Masomo ya udaktari yalimfunza kazi moja barabara, nayo ni uchunguzi. Ilimpasa ajifunze Kireno ili asome mwenyewe hati za kale za Lisbon kuhusu pwani ya Guinea ya Juu kati ya miaka 1545 na 1800. Msomi asiyeijua lugha ya hati huishi kwa ukarimu wa wafasiri, naye Rodney hakukubali kuishi hivyo. Mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 24, alitunukiwa shahada hiyo.

Lakini tasnifu haimfundishi mtu kufundisha. Hilo Rodney alilipata nje ya ratiba ya chuo. Nyumbani kwa C.L.R. James na mkewe Selma, yeye na vijana wenzake wa Karibi walikutana kusoma na kuhojiana. Na katika bustani ya Hyde Park alisimama kuzungumza na wapita njia, wasikilizaji wasiolazimika kukaa kama hawakuelewa. Kwa maoni yangu, zoezi hilo lilimfaa mwalimu kuliko mitihani mingi.

Mwaka huohuo wa 1966 alikuja kufundisha Dar es Salaam. Mwaka 1968 alirudi Jamaika, akafundisha chuoni mchana, na nyakati nyingine akakaa na Marasta na maskini wa Kingston, wakizungumza habari za Afrika. Mwezi Oktoba mwaka huo serikali ilimkataza kuingia tena nchini, na ghasia zikazuka mjini. Alirejea Dar es Salaam mwaka 1969, akabaki hadi 1974. Huko ndiko alikoandika kile kitabu kilichompa jina. Pia alichunguza hali ya vibarua wa mashamba ya mkonge wakati wa ukoloni. Kitabu cha kazi hiyo, alichoshirikiana na Kapepwa Tambila na Laurent Sago, kilitoka mwaka 1983.

Wakati huo mwenyewe alikwisha kufariki. Mwaka 1974 alikuwa ameteuliwa kuwa profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Guyana, lakini uteuzi ukafutwa kwa sababu za kisiasa. Akawa msomi asiye na darasa wala mshahara wa chuo. Hakuhama. Aliendelea kuchambua nyaraka za wafanyakazi wa nchi yake, akiingia pia katika siasa za upinzani, hadi alipouawa kwa bomu mjini Georgetown tarehe 13 Juni 1980. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti yake mwaka 2016 iliona kuwa dola ilihusika.

Katika miaka hiyo ya kunyimwa kazi, huyu bingwa wa hati za Kireno alikuwa pia akiwaandikia watoto. Alikusudia vitabu vidogo vya kuwaeleza watoto wa Guyana namna wazee wao walivyofika nchini, kila jamii kwa njia yake. Cha kwanza, kuhusu mtoto Kofi Baadu aliyetoka Afrika, kilichapishwa mwaka 1980. Kingine, kuhusu Lakshmi wa India, kilichapishwa mwaka 2000, miaka 20 baada ya kifo chake.