Nyerere na Uganda: Kumuondoa dhalimu ni nusu ya kazi

KILA inapofika Oktoba 14, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu Julius Nyerere, vijana ninaowafundisha Maarifa ya Uislamu huniuliza swali lile lile. Iddi Amin alikuwa Muislamu na Nyerere alikuwa Mkatoliki. Je, vita vya Kagera havikuwa vita dhidi ya Uislamu?

Niseme mapema kwamba mimi si katika wale wanaomsifia Nyerere asubuhi na jioni. Mwaka 1968 serikali yake ilipiga marufuku jumuiya ya Waislamu ya EAMWS, na jeraha hilo Waislamu wengi wanalo mpaka leo. Lakini dini yetu imetuamrisha uadilifu hata kwa yule ambaye nyoyo zetu zina kinyongo naye. Basi tumtazame mtu huyu kwa mizani hiyo.

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alisoma Musoma, kisha Tabora, na mwaka 1943 akaenda Makerere, Kampala. Kwa hiyo Uganda hakuijua kwa ramani. Aliishi huko miaka ya ujana wake, zaidi ya miaka 30 kabla ya kupeleka jeshi katika mji ule ule. Baada ya masomo ya Edinburgh alirejea mwaka 1952, akafundisha Pugu, na Waislamu wa Dar es Salaam wakampokea. Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz, Sheikh Hassan bin Amir na Bibi Titi Mohamed ni katika waliomshika mkono. TANU ikaundwa Julai 7, 1954, na uhuru ukapatikana Desemba 9, 1961.

Januari 25, 1971, Amin alimpindua Milton Obote aliyekuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Nyerere alikataa kumtambua Amin na akampa Obote hifadhi. Mwaka 1972 wapiganaji wa Obote walivuka mpaka kutokea Tanzania wakashindwa vibaya. Tusilifiche hili, kwani ugomvi ule haukuanzia Kagera.

Hata hivyo, kilichotokea Oktoba 1978 hakina utetezi. Majeshi ya Amin yalivamia eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, yakaua raia, yakapora mifugo na kulivunja daraja la Kyaka. Amin akatangaza kuwa ardhi ile ni ya Uganda. Katika waliokimbia nyumba zao walikuwemo Waislamu. Mkuu wa majeshi yetu aliyeiongoza kazi ya kumtoa mvamizi alikuwa Jenerali Abdallah Twalipo. Na katika waliouawa Uganda wakati wa utawala wa Amin, Waislamu hawakukosekana. Sasa wapi hapo pana vita ya Mkatoliki na Waislamu? Dhulma haiwi halali kwa sababu aliyeitenda anaswali.

Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wa wanamgambo waliopelekwa mstari wa mbele. Hapendi kusimulia mapigano. Anachosimulia ni Masaka na Mbarara, miji aliyoikuta imekuwa vifusi, na watoto waliokuwa wakiwafuata askari wakiomba chakula. Huwa anamaliza kwa kusema kuwa kuingia kulikuwa rahisi kuliko kukaa.

Na kwa hakika maneno yake ndiyo historia yenyewe. Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutanishwa Moshi wakaunda umoja wao. Aprili 11 Kampala ikawa mikononi mwa majeshi yetu, na mwanzoni mwa Juni yakafika mpaka wa Sudan. Vita vikaisha, lakini kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Uganda haikuwa na jeshi, haikuwa na polisi wa kutegemewa, na usiku Kampala watu walikuwa wakiuawa majumbani. Nyerere akaamua askari wa Tanzania wabaki kulinda amani na kufundisha jeshi jipya. Walibaki mpaka mwaka 1981.

Gharama ilikuwa kubwa. Vita inakadiriwa viligharimu dola za Marekani milioni 500, katika nchi maskini ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na bei ya mafuta ilikuwa inapanda. Wananchi waliambiwa wafunge mkanda kwa miezi 18, lakini mkanda haukufunguka. Wazazi wetu walipanga foleni ya sabuni na sukari kwa miaka. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia Julai 1979, badala ya msaada, viongozi wa Nigeria na Sudan walimlaumu kwa kuvuka mpaka.

Je, Uganda ilipata amani? Hapa ndipo mizani inapolemea upande mwingine. Yusuf Lule aliapishwa Aprili 1979 na kuondolewa Juni. Godfrey Binaisa akafuata, naye akaondolewa na wanajeshi Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukampa ushindi Obote, rafiki wa Nyerere, na wapinzani wakasema kura zimeibwa. Yoweri Museveni akaingia msituni mwaka 1981, na watu wakafa Luwero kwa maelfu. Waganda wengi waliona kuwa mgeni aliyekuja kuzima moto alikuwa na mtu wake wa kumkabidhi nyumba.

Na Waislamu wa Uganda? Mwaka huo huo wa 1979, huko Ankole, Waislamu waliuawa, wanawake na watoto wakiwemo. Kosa lao lilikuwa kuwa wa dini moja na mtawala aliyeanguka. Jeshi letu lilikuwa bado nchini humo. Ikiwa ulinzi haumfikii yule anayedhaniwa kuwa wa upande ulioshindwa, basi haujawa ulinzi wa raia wote.

Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985. Miaka kumi na moja baadaye jirani mwingine, Burundi, alikuwa anaungua tangu kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwaka 1993, na wakimbizi walikuwa wamejaa Kigoma. Mzee akaombwa kusuluhisha. Safari hii hakwenda na vifaru. Aliwaketisha mahasimu Mwanza, kisha Arusha kuanzia Juni 1998, miezi kwa miezi. Wapo waliosema anapoteza muda. Alifariki London Oktoba 14, 1999, kazi haijaisha, na Nelson Mandela akaipokea. Mkataba ulitiwa saini Arusha Agosti 28, 2000. Ndani yake ulikuwemo msingi kwamba kabila moja lisishike zaidi ya nusu ya jeshi. Mapigano hayakukoma siku ile, lakini swali la nani anashika bunduki lilijibiwa na Warundi wenyewe mezani. Uganda ya 1979 haikupata meza kama hiyo.

Qur'ani, katika Suratul Hujurat, imetufundisha hatua mbili: kumzuia anayedhulumu mpaka arejee, kisha kusuluhisha kwa uadilifu. Naona Nyerere aliitimiza ya kwanza Kagera kwa gharama iliyowafikia masikini wote wa nchi hii. Ya pili hakuitimiza Uganda, na alifariki akiwa anaitafuta kwa ajili ya Burundi.

Kwa hiyo vijana wangu nawajibu hivi. Haikuwa vita dhidi ya Uislamu, na aliyewatetea watu wa Kagera alitenda haki. Lakini wale waliouawa Ankole nao wana haki ya kukumbukwa Oktoba 14, na sisi tusipowakumbuka, nani atawakumbuka?

Wallahu a'lam.