MZEE KARUME NA NYUMBA ZA WAFANYAKAZI

Kila tarehe 7 Aprili taifa letu humkumbuka Marehemu Mzee Abeid Amani Karume, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1972 katika makao makuu ya Chama cha Afro-Shirazi, Kisiwandui, Unguja. Mengi yamekwisha semwa juu ya Mapinduzi na Muungano. Sisi leo twapenda kumkumbuka kwa jambo moja tu, nalo ni nyumba, kwa kuwa ndilo linalowataabisha ndugu zetu wafanyakazi wa Moshi.

Mji wa Moshi ulihamia chini ya mlima kwa ajili ya reli iliyofika kutoka Tanga mwaka 1911. Kwa miaka mingi mfanyakazi wa mji ule hakuhangaika sana na makazi, maana alikuwa na kihamba cha ukoo wake huko Kibosho, Uru au Kilema. Lakini kihamba kina mwisho wa kugawanyika. Baba aliwagawia wanawe, nao wakawagawia wana wao, hata mahali palipokuwa na migomba na mibuni sasa pamesimama kuta za matofali. Asiye na sehemu hushuka mjini kupanga chumba. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 iliwakuta wakazi 184,000 na ushei katika Manispaa ya Moshi. Ile ya mwaka 2022 iliwakuta zaidi ya 220,000, katika eneo lisilofika kilomita za mraba 60.

Ndiyo sababu wananchi wanadai majumba ya ghorofa yajengwe katikati ya mji, karibu na soko, stendi na mahali pa kazi. Twaliunga mkono dai hilo bila kusita. Mji ukizidi kutambaa kuelekea mlimani utaimeza ardhi inayotulisha. Lakini lipo swali lisiloepukika: majumba hayo yajengwe kwa ajili ya nani? Maisha ya Mzee Karume yatusaidia kulijibu.

Alizaliwa mwaka 1905 huko Mwera, katika nyumba ya watu wa chini. Hakupata elimu kubwa ya shule. Akiwa kijana alikwenda baharini, akawa baharia kwa miaka mingi, akaziona bandari za nchi mbalimbali na jinsi wafanyakazi wa huko walivyoishi. Aliporudi Unguja alishirikiana na wenzake katika kazi ya motaboti, wakichukua abiria kati ya meli na gati. Hivyo aliijua taabu ya mchukuzi kwa kuiona, wala hakuhadithiwa.

Unguja ya siku zile ilikuwa miji miwili katika mji mmoja. Upande wa Mji Mkongwe yalisimama majumba ya mawe. Ng'ambo ya hori waliishi wachukuzi, mafundi na vibarua katika vibanda vya udongo na makuti. Wengi wao walijenga juu ya ardhi ya watu wengine na kulipa kodi ya kiwanja, na mwaka 1928 waligoma kuilipa. Watu hao wa Ng'ambo ndio waliompeleka Mzee Karume katika Baraza la Kutunga Sheria mwezi Julai 1957, miezi michache baada ya kuundwa kwa umoja uliokuja kuwa Chama cha Afro-Shirazi.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalipomweka madarakani, hakuwasahau. Ardhi ilitaifishwa mwaka ule ule. Kwa msaada wa Ujerumani Mashariki majumba mapya yakajengwa Kikwajuni na Kilimani. Kisha akaingia katika kazi kubwa kuliko zote, Michenzani, katikati kabisa ya Ng'ambo, ambako majumba ya ghorofa yenye urefu wa kiasi cha mita 300 kila moja yalipangwa kandokando ya barabara mbili zinazokutana. Kazi hiyo iliendelea baada ya kifo chake. Aliyekuwa akilala chini ya makuti alipewa nyumba yenye umeme na bomba, wala hakutakiwa kulipa kodi ya pango.

Hatusemi kwamba kila kilichofanywa kilikuwa chema. Utawala wake ulikuwa mkali. Vibanda vilivunjwa ili majumba yapite, na wenyewe hawakuulizwa sana. Jirani alitenganishwa na jirani, na wengi walijenga kwa nguvu zao pasipo hiari kamili. Tena nyumba isiyolipiwa cho chote haina mfuko wa kuitengeneza, na miaka ilivyopita wakazi wa ghorofa za juu wakajua maana ya maji yasiyopanda. Hayo nayo ni mafunzo, na mtu mzima hujifunza kwa yote mawili, mazuri na mabaya.

Basi, Moshi na ichukue lililo jema na kuliacha lililo baya. La kwanza, majumba yajengwe katikati ya mji, lakini sehemu yake iwekwe kwa ajili ya mwalimu, muuguzi, dereva na mchuuzi wa sokoni. Jengo ambalo mwenye mshahara mdogo hawezi kulipanga litamfukuza tu kutoka Kiusa na Bondeni, nalo halitatuondolea shida. La pili, wapangaji waliomo katika nyumba zitakazovunjwa waulizwe mapema na wapewe haki ya kwanza ya kurudi. La tatu, kodi iwe ndogo lakini iwepo, na sehemu yake itumike kwa matengenezo, chini ya macho ya wapangaji wenyewe.

Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962 kwa makusudi ya namna hii, na ushirika si mgeni kwa watu wa Kilimanjaro: waliuza kahawa yao pamoja tangu miaka ya 1920. Watu walioweza kuungana kwa ajili ya gunia la kahawa hawashindwi kuungana kwa ajili ya paa. Viongozi wa Moshi na waanze na orodha ya wanaohitaji nyumba kabla ya kuchora ramani. Mwenye kulala pabaya atajwe wa kwanza.