Otto Stern: Mwanafizikia aliyeipima protoni huku Wanazi wakimfukuzia wenzake

MWAKA wa 1933 ulimpa Otto Stern ufanisi mkubwa zaidi maishani mwake, kisha ukampokonya maabara aliyoupatia ufanisi huo.

Stern alizaliwa Februari 17, 1888 katika familia ya Kiyahudi mjini Sohrau, uliokuwa Ujerumani wakati huo na ambao sasa uko Poland. Alipata shahada ya uzamifu mjini Breslau mnamo 1912, kisha akafanya kazi na Albert Einstein mjini Prague na baadaye Zurich.

Jina lake lilianza kuvuma 1922 mjini Frankfurt. Yeye na Walther Gerlach walipitisha mkondo mwembamba wa atomu za fedha kando ya sumaku, nao ukagawanyika mara mbili, jambo ambalo fizikia ya kale haikuweza kulieleza.

Mwaka uliofuata alihamia Chuo Kikuu cha Hamburg na kuanzisha maabara ya mikondo ya molekuli. Huko alijitwika kazi ambayo wanafizikia wenzake waliiona ya bure: kupima nguvu ya sumaku ya protoni. Nadharia ilikuwa tayari imetoa jibu, hivyo kupima kulionekana kupoteza wakati.

Stern hakusikia la mtu. Ugumu ulikuwa kwamba sumaku ya protoni ni hafifu mno, na molekuli ya haidrojeni inapozunguka huzua sumaku yake yenyewe na kuvuruga kipimo. Kwa hivyo yeye na Otto Robert Frisch waliipoza gesi hiyo kwa hewa iliyogeuzwa kiowevu. Baridi ilipunguza mwendo na mzunguko wa molekuli, zikakawia kando ya sumaku, na kupinda kwa njia yake kukaweza kupimwa.

Matokeo ya 1933 yaliwashangaza wengi. Nguvu ya protoni ilikuwa kati ya mara mbili na tatu ya ile iliyotabiriwa. Leo inajulikana kwamba protoni si chembe sahili, bali imeundwa kwa chembe nyingine ziitwazo kwaki.

Lakini Aprili mwaka huo, serikali ya Hitler ilipitisha sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma. Wasaidizi wa Stern, akiwemo Frisch, walifutwa. Yeye mwenyewe angesazwa kwa kuwa alitumikia jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Hata hivyo, alijiuzulu na kuhamia Pittsburgh, Marekani.

Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 1943. Alifariki Agosti 17, 1969 mjini Berkeley, California.

Njia aliyoiasisi ingali hai. Katika maabara ya JILA, Colorado, wanasayansi walitumia molekuli baridi kuchunguza iwapo chaji ya elektroni imeegemea upande mmoja. Matokeo waliyochapisha 2023 hayakuonyesha kasoro yoyote katika nadharia iliyopo. Ila nadharia ya protoni nayo haikuwa na kasoro, hadi Stern alipoipima.