Kadhi Aliyerudi Kusoma

Kauli ya kwamba elimu haina mwisho ni miongoni mwa kauli zinazotamkwa sana katika mikutano yetu, na huenda ikawa ni miongoni mwa zinazotekelezwa kidogo. Tangu Mwalimu Nyerere alipoufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, hapana kiongozi asiyeijua. Lakini wengi wetu tumeichukua kuwa ni nasaha kwa wasiojua kusoma na kuandika. Mwenye shahada na mwenye kiti hujihesabu kuwa amekwisha maliza. Leo, kutoka hapa Bububu, tunapenda kuwakumbusha wasomaji wetu maisha ya mtu aliyekuwa na kiti, tena kiti kikubwa, wala hakujiona kuwa amemaliza. Huyo ni Sayyid Ahmed bin Abubakar bin Sumeit.

Alizaliwa Itsandraa, katika kisiwa cha Ngazija, mwaka 1861. Baba yake, mwenye asili ya Shibam huko Hadhramaut, alikuwa mwanachuoni na mfanyabiashara, na mwanawe akayarithi yote mawili. Alianza kusoma kwa baba yake, akafiwa naye angali kijana mdogo. Akashika kazi ya bahari, akawa nahodha wa vyombo vya biashara. Kijana aliyekwisha pata kazi ya kumtia riziki mkononi angaliweza kutosheka. Yeye hakutosheka. Alipokuwa na umri wa miaka kama ishirini alikwenda Hadhramaut kusoma kwa masheikh wa huko, akiwemo Habib Idarus bin Umar Al-Habshi.

Muda si mrefu baadaye Seyyid Barghash bin Said, yule yule aliyeyapeleka mjini maji ya chemchemi za upande wetu huu, alimfanya kadhi wa Unguja. Hakuwa hata ametimiza miaka ishirini na mitano. Watu wazima waliomzidi umri walikuja mbele yake na mirathi zao, ndoa zao na magomvi yao, wakangojea hukumu kutoka kinywani mwake.

Hapo ndipo penye funzo letu. Mwaka 1885 aliondoka Unguja, akasafiri hadi Istanbul, mji mkuu wa Dola ya Uthmaniya. Hatudai kwamba aliondoka kwa ajili ya elimu peke yake, maana mambo ya mahakama na watawala yana uzito wake. Tunachokitazama ni namna alivyoitumia miaka ile. Mtu aliyekuwa akiketi kuhukumu alikwenda kuketi chini kusoma. Huko Istanbul alikaa na Sayyid Fadhl bin Alawi, mwanachuoni mashuhuri wa zama zile, na Sultani Abdulhamid alimtunuku nishani. Alifika pia Misri na Makka akikutana na maulamaa. Nishani ile haikumfanya aone kuwa amefika.

Seyyid Barghash alifariki mwaka 1888, na mwaka huo huo Sayyid Ahmed akarudi Unguja. Akakalia tena kiti cha ukadhi, akakitumikia kwa zaidi ya miaka thelathini. Katika miaka hiyo alisomesha, aliandika, na alisafiri tena kwenda Hadhramaut, safari hii akiwa mtu mzima mwenye cheo na jina. Miongoni mwa vitabu vyake ni Al-Ibtihaj, kinachofafanua istilahi za Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kinachotegemewa sana katika madhehebu ya Shafi.

Sahibu yake mkubwa alikuwa Sheikh Abdalla bin Muhammad Bakathir, mzaliwa wa Lamu, ambaye chuo chake cha Ukutani kilijulikana pwani nzima. Wawili hawa walikaribiana kwa umri, na hata hivyo Sheikh Abdalla, mwalimu wa walimu, hakuona aibu kusoma kwa mwenzake. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925. Miongoni mwa waliosoma kwao alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ambaye mwaka 1932 alianzisha gazeti la Al-Islah na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Mwenendo huu haukuwa jambo la ajabu katika dini yetu. Neno la kwanza alilokuja nalo Jibrili lilikuwa ni amri ya kusoma, na Mtume mwenyewe, pamoja na wahyi aliopewa, aliamrishwa amwombe Mola wake amzidishie elimu. Ikiwa yeye aliamrishwa kuomba ziada, nani kati yetu wa kusema inamtosha aliyonayo?

Ni kweli kwamba katika zama za Sayyid Ahmed elimu ya juu ilikuwa ya watu wachache. Wakulima wetu wengi wa karafuu na minazi hawakuwa na nauli ya Istanbul, wala watoto wao hawakuwa na nafasi katika skuli chache zilizokuwapo. Lakini tarehe 23 Septemba 1964 elimu ilitangazwa kuwa bure Zanzibar. Tangu siku hiyo udhuru wa mtu mzima umepungua, na wa kiongozi umepungua zaidi.

Tunalisema hili kwa sababu ujinga wa mwenye cheo haulipwi na yeye mwenyewe. Kadhi aliyeacha kusoma humkosesha mjane fungu lake la mirathi, naye akalala usingizi akidhani ametenda haki. Ofisa asiyeijua sheria ya ardhi iliyobadilika humzungusha mkulima kutoka dirisha moja hadi jingine. Sheha anayeona haya kuuliza huamua kwa mazoea. Katika kila hali anayelipa ni mwananchi.

Kwa hivyo tunawaomba viongozi na watumishi wa Serikali waanze na jambo dogo. Jioni, baada ya sala ya magharibi, misikiti yetu haikosi darsa. Waingie, waketi chini pamoja na wavuvi na mafundi, na wasilolijua waliulize. Kesho yake ofisini wafungue sheria wanayoitumia kila siku, waisome tena tangu ukurasa wa kwanza. Sayyid Ahmed bin Sumeit alikuwa kadhi, na bado alikwenda kusoma.