Remmy Ongala: Mcheshi wa Jukwaani Aliyeimba Habari za Kondomu Redio Ilipokaa Kimya

Na Mwandishi Wetu, Njombe

UTAFITI wa Viashiria na Matokeo ya UKIMWI wa mwaka 2022/2023 uliutaja Mkoa wa Njombe kuwa na kiwango cha juu cha maambukizi ya VVU kuliko mikoa yote nchini: asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, ilhali wastani wa Taifa ni asilimia 4.4. Kwa wananchi wa Kata ya Kifanya, wa Njombe Mjini na wa Makambako, neno kondomu sasa hutamkwa hadharani, mikutanoni na redioni. Takriban mwaka 1990 halikutamkwika hivyo. Aliyelifikisha masikioni mwa Watanzania wengi alikuwa mwanamuziki mwenye vichekesho, mzaliwa wa Kongo, Ramazani Mtoro Ongala, aliyejulikana kwa jina la Dokta Remmy. Udokta huo alipewa na wapenzi wa muziki wake, si na chuo chochote.

Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mashariki mwa Kongo, wakati nchi hiyo ingali koloni la Ubelgiji. Kifaransa kilikuwa lugha ya ofisi, na Kiswahili lugha ya mtaani na sokoni. Baba yake alikuwa mpigaji wa muziki wa asili. Husimuliwa kwamba mama yake alikwisha kupoteza watoto kabla yake, na kwamba mganga alimwonya asimnyoe nywele mtoto huyu. Remmy alikua na nywele zake ndefu zilizosokotana miaka mingi kabla vijana wa Dar es Salaam hawajaanza kuziiga za Wajamaika. Baba alifariki angali mdogo, na mama akamfuata Remmy akiwa kijana. Gitaa likawa njia ya kujipatia riziki. Alipiga katika bendi mbalimbali nchini kwao, kisha akahamia nchi jirani.

Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kwa mwito wa mjomba wake, Mzee Makassy, aliyekuwa na Orchestra Makassy. Miaka michache baadaye alijiunga na Orchestra Matimila, ambayo baadaye ilijiita Super Matimila. Jina hilo halina budi kuwavutia wasafiri wa barabara ya Makambako, Njombe na Songea, kwa kuwa Matimila ni kijiji cha mkoani Ruvuma. Bendi iliyoongozwa na Mkongomani, makao yake Dar es Salaam, ilibeba jina la kijiji cha Nyanda za Juu Kusini hadi Ulaya.

Jukwaani Remmy alikuwa zaidi ya mwimbaji. Alijipaka rangi usoni, akavaa kofia na mavazi yasiyo ya kawaida, na kati ya mashairi akazungumza na watu mpaka ukumbi ukacheka. Kichekesho chake cha kwanza kilikuwa sura yake mwenyewe. Alijiita Sura Mbaya, na kwa kuanza kujicheka yeye alipata ruhusa ya kuwacheka wengine. Watu waliokwisha kucheka naye walimvumilia alipogeukia kifo, umaskini na haki ya mnyonge. Muziki wake aliuita wa ubongo, yaani unaosikilizwa kwa akili, si kwa miguu pekee. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ndiyo siri ya kazi yake yote. Watunzi wengi wa enzi ile walitoa mawaidha, lakini wachache walijua kuyatanguliza kwa kicheko.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walibainika mkoani Kagera mwaka 1983. Ugonjwa ulienea, na kinga ilijulikana, lakini kuitaja mbele ya wakwe na watoto kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu. Remmy akatunga wimbo Mambo kwa Soksi. Soksi ni vazi la kila siku, halimtii mtu aibu, na kila msikilizaji alielewa ni soksi gani inayozungumzwa. Radio Tanzania Dar es Salaam haikukubali kuurusha.

Uzito wa kukataliwa huko unahitaji maelezo kwa vijana wa leo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni wakati huo. Kituo cha ITV kilianza mwaka 1994, na redio binafsi zilikuja katika miaka hiyohiyo. Bendi zilirekodi studio ya Radio Tanzania, na wimbo usiopigwa na redio hiyo haukuwa na njia nyingine rasmi ya kuwafikia watu wa mbali na mji. Mambo kwa Soksi ulipita kwa miguu: kwenye kumbi Matimila ilipotumbuiza, na kwenye kanda za kaseti zilizonakiliwa mkono kwa mkono. Ulipata umaarufu mkubwa hivyohivyo. Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania iliundwa mwaka 2001, zaidi ya miaka kumi baada ya wimbo huo.

Wakati huo jina lake lilikwisha kuvuka bahari. Mwaka 1988 bendi ilialikwa katika tamasha la WOMAD nchini Uingereza, na kampuni ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel ikatoa albamu zake mbili, Songs for the Poor Man mwaka 1989 na Mambo mwaka 1992. Hata hivyo alirudi Sinza kila mara, akaendelea kupiga kwenye kumbi za kawaida za jijini.

Katika miaka yake ya mwisho kiharusi kilimdhoofisha. Aliokoka, akaacha muziki wa dansi na kuimba nyimbo za Injili, jambo lililowashangaza wapenzi wake wa zamani. Alifariki dunia tarehe 13 Desemba 2010 nyumbani kwake Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 63.

Alipoishi Sinza pana kituo cha daladala kiitwacho kwa Remmy. Makondakta hulitaja jina hilo kutwa nzima, na wengi wa wanaoshuka hapo ni vijana waliozaliwa baada ya kaseti zile kuacha kuuzwa.