RATU SUKUNA, MTU ALIYEILINDA ARDHI YA FIJI

Ukilitaja jina la Ratu Sukuna hapa shuleni, huenda ukaulizwa kama ni mchezaji wa raga. Si ajabu, kwani wengi wetu tunaijua Fiji kwa raga tu. Marehemu huyu hakupata sifa uwanjani. Alipata sifa kwa jambo ambalo hata sisi Wakenya tukilisikia tunasimamisha masikio: ardhi.

Hebu kwanza tuitazame nchi yenyewe. Fiji ni visiwa zaidi ya 300 katika Bahari ya Pasifiki. Machifu wake waliikabidhi kwa Uingereza tarehe 10 Oktoba 1874. Mwaka uliofuata ukambi ukaingia, ukaua wenyeji wapatao 40,000. Gavana wa kwanza, Arthur Gordon, alikataza ardhi ya wenyeji kuuzwa, tena hakutaka watolewe vijijini kwenda kufanya vibarua. Sasa miwa ya wazungu ingekatwa na nani? Wakaletwa Wahindi, kama vile walivyoletwa kwetu kuanzia 1896 kuijenga reli kutoka Mombasa. Meli ya kwanza, Leonidas, ilitia nanga Mei 1879. Kufikia 1916 walikuwa wamefika zaidi ya 60,000, kila mmoja akiwa na mkataba wa miaka mitano. Muda ulipokwisha, wengi hawakurudi kwao. Walikodi vishamba, wakaoa, wakazaa.

Katika nchi hiyo ya makabila mawili yaliyoishi kila moja kivyake ndimo alimozaliwa Lala Sukuna, tarehe 22 Aprili 1888, katika kisiwa cha Bau. Ratu ni jina la heshima la wanaume wa ukoo wa kichifu. Alisomeshwa na mwalimu wa nyumbani, kisha akapelekwa New Zealand. Aliporudi akawa karani wa serikali. Mwaka 1913 alikwenda Oxford kusoma historia.

Vita vya 1914 vilipoanza, kijana alitaka kupigana. Jeshi la Uingereza likamkataa, eti kwa rangi yake! Basi akavuka bahari akajiunga na kikosi cha wageni cha jeshi la Ufaransa, akajeruhiwa mwaka 1915, akapewa nishani ya ushujaa. Hata baada ya hayo alirudi tena Ufaransa na kikosi cha wapagazi wa Kifiji. Mwishowe alimaliza masomo, akawa Mfiji wa kwanza kupata digrii ya chuo kikuu, na baadaye wakili. Kuna wasomi ambao wangetulia mjini na tai shingoni. Yeye alirudi vijijini.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya kuchosha. Katika tume ya ardhi alizunguka kisiwa kwa kisiwa, kijiji kwa kijiji, akiketi na wazee na kuwasikiliza: mpaka huu ni wa nani, mto ule ni wa ukoo gani, nani alihamia lini. Yote yakaandikwa daftarini. Ukoo, ambao kwao huitwa mataqali, ndio uliomiliki ardhi, wala si mtu mmoja mmoja.

Lakini kulikuwa na tatizo. Wahindi walitaka mashamba ya kukodi kwa muda mrefu, na kila mmoja alijadiliana na wenye ardhi kivyake, kwa hongo na manung'uniko. Sukuna akawaendea machifu na wazo zito: zikabidhini ardhi zenu kwa bodi moja izisimamie kwa niaba yenu. Fikiria kumwambia mzee wa kwetu ampe mtu mwingine shamba lake amtunzie! Hata hivyo Baraza Kuu la Machifu lilikubali mwaka 1936, sheria ikapitishwa 1940. Zaidi ya asilimia 80 ya nchi ikabaki mali ya wenyeji, haiuziki. Sehemu nyingine ikatengwa iwe ya wenyewe tu, na iliyosalia ikakodishwa.

Hapa ndipo mimi husita. Bila shaka Sukuna aliwaokoa watu wake wasiwe maskwota kwao. Lakini je, mtoto wa Mhindi aliyezaliwa pale, ambaye babu yake alizikwa pale, kwao ni wapi? Sensa ya 1946 ilionyesha Wahindi wamewapita wenyeji kwa idadi, na bado walikuwa wapangaji. Sukuna aliamini kila kabila liende kwa mwendo wake, wenyeji wakiongozwa na machifu. Swali hilo hakulijibu.

Alipewa cheo cha Sir mwaka 1946, baadaye akawa Spika wa Baraza la Kutunga Sheria. Alifariki melini akielekea Uingereza, Mei 1958, akazikwa Lakeba, katika visiwa vya Lau alikotoka mama yake.

Fiji ilipata uhuru mwaka 1970. Mwaka 1987 wanajeshi waliipindua serikali iliyokuwa na mawaziri wengi Wahindi, na maelfu ya Wahindi wakahama. Kuanzia 1997 mikataba mingi ya mashamba ilikwisha, na familia zilizolima miwa kwa vizazi zikafunga virago. Siku ya Sukuna, iliyokuwa sikukuu ya taifa, ilifutwa mwaka 2010. Sheria za miaka hiyo zikawaita raia wote Wafiji, Wahindi wakiwemo, na wenyeji wakaitwa iTaukei. Mwaka 2023 sikukuu yake ikarudishwa.